Habari za Mataifa: Watu wa Bukini na Ng'ombe Wao



Mwezi huu twaanza kwa kukiri kosa. Zamani kidogo, katika ukurasa huu huu, tulieleza habari za visiwa vya bahari yetu, tukagusa kwa maneno machache kisiwa cha Bukini, ambacho katika ramani huitwa Madagaska. Tuliandika ya kuwa wenyeji wake walitoka visiwa vya mashariki ya mbali, na ya kuwa Waafrika waliomo walipelekwa huko wakiwa watumwa tu. Ndivyo tulivyofundishwa nasi siku za masomo yetu, tukayatoa kama tulivyoyapokea. Walimu kadha wa kadha waliwasomea watoto habari hiyo, wala hakuna aliyetupinga.

Aliyetupinga ni mzee mmoja wa mtaa wetu, mfugaji wa ng'ombe. Macho yake hayasomi tena, bali husomewa na mjukuu wake. Ukoo wake ni wa wale ambao babu zao walikombolewa katika utumwa, na kijijini jambo hilo halijasahauliwa, ijapokuwa sote twashiriki meza moja. Alitungoja nje baada ya ibada. Tukamwamkia, akaitikia, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mjukuu wangu amerudi shuleni analia. Wenzake wamemwambia, Ninyi hata ng'ambo ya bahari mlikwenda kwa minyororo. Wasema wameyasoma katika gazeti lako."

Tuliona haya, tukaanza kujieleza. Mzee akatukatiza kwa upole. "Sikuja kugombana. Nataka kuuliza neno moja. Umeandika ya kuwa watu wa Bukini huwapenda ng'ombe kuliko mali zote. Je, ng'ombe wao huwaitaje?" Tukamjibu ya kuwa huandika omby, na hutamka umbi. Mzee akatutazama. "Basi hilo si neno letu? Mtu aliyefungwa mnyororo huenda na ng'ombe? Nani aliyewavusha ng'ombe hao?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukatafuta vitabu, na haya tuyaandikayo leo ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza jina. Wazee wa pwani hawakusema Madagaska. Walisema Bukini, na watu wake ni Wabuki. Katika kisiwa cha Mayote mpaka leo wako watu wasemao lugha ya Bukini, nayo huitwa Kibushi, na huko Unguja iko ngoma ya pepo iitwayo kibuki, kwa kuwa pepo hao husemwa wametoka huko. (Hatuitaji ngoma hiyo ili mtu aifuate, twaitaja kwa sababu ya jina.) Kisiwa chenyewe ni kikubwa mno. Urefu wake wapata kilometa 1,600, na katika visiwa vyote vya dunia ni vitatu tu vinavyokipita kwa ukubwa, yaani Greenland, Guinea Mpya na Borneo. Penye upana mdogo kabisa, bahari iliyo kati yake na Msumbiji ni kilometa 400 hivi. Aliye na ramani na aifungue mbele ya watoto, apime kwa uzi. Kisha apime tena kutoka Bukini mpaka Borneo. Ataona safari ya kilometa zaidi ya 7,000, maji matupu karibu njia yote.

Hapo ndipo penye fumbo. Ungedhani watu wa kisiwa kilicho karibu nasi watasema lugha iliyo jamaa ya Kimakua au ya Kiswahili. Walakini sivyo. Sikiliza wanavyohesabu, kuanzia mbili: roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo, sivy, folo. Sasa msikilize mtu wa Samoa, kisiwa kilicho katikati ya Bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia: lua, tolu, fa, lima, ono, fitu, valu, iva, sefulu. Saba ni fito na fitu. Nane ni valo na valu. Watu hawa hawajaonana kwa miaka maelfu, lakini wakikutana sokoni waweza kuhesabiana samaki.

Wamalai nao husema lima kwa tano, na enam kwa sita. Jicho kwa Wamalai na kwa Wasamoa ni mata. Bukini ni maso. Wamalai humwita ndege burung, Wabuki vorona. Mwezi wa mbinguni ni bulan na volana. Jiwe ni batu na vato. Kufa ni mati na maty. Mholanzi mmoja, Frederick de Houtman, aliliona jambo hili zamani sana, na mwaka wa 1603 akachapa kitabu cha maneno ya lugha hizi mbili, Kimalai na lugha ya Bukini, katika jalada moja. Lakini aliyeipata nyumba yenyewe ambamo lugha hiyo ilitoka ni mmisionari, naye ni Otto Christian Dahl wa Norwe, aliyefanya kazi ya Injili Bukini. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1951 alionyesha ya kuwa ndugu wa karibu kabisa wa lugha ya Bukini ni Kimaanyan, lugha ya watu wachache wakaao kando ya mito ya Borneo upande wa kusini. Maji kwa Wamaanyan ni ranu. Kwa Wabuki ni rano. Wamaanyan si mabaharia. Ni wakulima wa bara, nao wenyewe hawakuwa na habari ya jamaa zao waliopotea ng'ambo.

Watu wenye lugha za jamii hii wenye elimu huwaita Waaustronesia. Lugha zao zapita 1,000, na asili yao, kwa kadiri ilivyochunguzwa, ni kisiwa cha Taiwan kando ya China, ambako kilimo na uvuvi wao ulianza kuenea ng'ambo yapata miaka 4,000 na zaidi iliyopita. Walishuka Ufilipino, wakaingia visiwa vya Indonesia, wakafuata pwani za Guinea Mpya. Miaka 3,000 iliyopita walikuwa wamekwisha kufika karibu na Samoa, na njia yao yajulikana kwa vigae vya vyungu vyenye nakshi za vidoa vidoa, ambavyo wachimbaji huviokota kisiwa baada ya kisiwa. Baadaye sana wakavuka tena: Hawaii, Nyuzilandi, hata Rapa Nui, kisiwa kidogo kilicho peke yake kuelekea pwani ya Chile. Ukihesabu kutoka Bukini mpaka Rapa Nui, jamii hii moja imezunguka zaidi ya nusu ya dunia, wala hawakuwa na dira wala chuma katika mitumbwi yao ya Pasifiki. Walisafiri kwa nyota, kwa mawimbi, kwa ndege warukao jioni kurudi nchi kavu.

Waliokuja upande wetu waliondoka visiwa vya Indonesia katika karne ya 7 au ya 8, au baadaye kidogo, na haikosi walikuja pamoja na Wamalai. Wakati huo katika Sumatra ulikuwako ufalme wa Srivijaya, wenye merikebu nyingi na biashara kubwa, na lugha ya Bukini imebeba maneno ya Kimalai ya mambo ya bahari. Njia ya maji nayo iliwasaidia. Mwaka wa 1883 mlima wa moto wa Krakatau, kati ya Sumatra na Java, ulipasuka kwa kishindo, na mawe yake mepesi yaeleayo yakachukuliwa na mkondo wa bahari mpaka yakatupwa katika pwani za Afrika. Jiwe lisilo na tanga wala nahodha limefika. Si ajabu watu wenye matanga kufika.

Iko alama nyingine ya safari hiyo ambayo kwetu ilikuwa mpya. Kwa Wamalai barat ni magharibi na timur ni mashariki. Kwa Wabuki neno la kwanza limekuwa avaratra, nalo ni kaskazini. La pili limekuwa atsimo, nalo ni kusini. Sababu yake ni pepo. Baharia hataji upande kwa ajili ya vitabu, huutaja kwa upepo utokao huko. Na walipofika nchi mpya wakaukuta upepo wao wa mvua wavuma toka upande mwingine, waliuhamisha upande, wakaacha upepo na jina lake. Wavuvi wetu wasemao kusi na kaskazi watalielewa jambo hili upesi kuliko sisi wa ubaoni.

Hata hapo tulikuwa bado katika yale tuliyoyaandika zamani, yaani mashariki, mashariki. Sasa turudi kwa swali la mzee.

Wamalai wanalo neno lembu, maana yake ng'ombe. Neno hilo lilivuka bahari pamoja na watu, likawa lambo. Lakini lambo Bukini si ng'ombe. Ni nguruwe wa mwitu. Kwa nini? Kwa sababu waliovuka hawakuja na ng'ombe. Walikuja na jina bila mnyama, wakamwona nguruwe mnene porini, wakampa yeye. Hata ng'ombe walipokuja kisiwani, jina lao la kale lilikuwa limekwisha kuchukuliwa, nao wakaitwa kwa jina la wale waliowaleta: omby, yaani ng'ombe. Wala si ng'ombe peke yake. Kuku ni akoho, hutamkwa akuhu. Kanga ni akanga. Mbwa ni amboa. Punda ni ampondra. Kondoo ni ondry, neno lililo ndugu wa ng'onzi la Wagiriama. Zizi zima laitikia kwa Kibantu.

Tufikiri kidogo jambo hili kama wafugaji wafikirivyo. Mtumwa aliyenyakuliwa usiku haendi na fahali na mitamba. Kumvusha ng'ombe katika chombo, kilometa mamia, kwahitaji chombo kikubwa, maji, majani, watu wanaomjua mnyama, na nia ya kukaa. Wachimbaji wa mambo ya kale wameona ya kuwa yapata miaka 1,000 iliyopita ng'ombe walikuwa wamekwisha kuenea kisiwani, ng'ombe wa nundu kama wetu. Siku hizo Kilwa yenyewe ilikuwa inaanza kuinuka. Pwani ya kaskazini-magharibi ya Bukini ulikuwako mji wenye ukuta, uitwao Mahilaka, uliofanya biashara na pwani yetu na nchi za Waarabu. Magofu yake yapo. Na padre mmoja Mreno, Luis Mariano, aliyezunguka pwani hizo mwaka wa 1613, alisikia upande huo wa kaskazini-magharibi lugha ya namna ya watu wa pwani yetu, na penginepo Kibuki. Wafanyi biashara hao wa pwani Wabuki waliwaita Antalaotra, maana yake watu wa bahari; nalo neno hilo la bahari ni la Kimalai, laut. Waafrika wakiitwa kwa jina la Kimalai, na ng'ombe wakiitwa kwa jina la Kiafrika! Ndiyo desturi ya majirani: kila mmoja humwita mwenzake kwa kinywa chake, na mali ya mgeni humwachia mgeni aitaje.

Chakula nacho kimechunguzwa. Mwaka wa 2016 wachunguzi walitoa habari za punje za kale zilizoungua, walizozichekecha katika udongo wa vijiji vya zamani. Katika pwani yetu na visiwa vyake, mazao ya Kiafrika ndiyo yaliyokuwa mengi: mtama, uwele, kunde. Katika Bukini na katika visiwa vya Ngazija na wenzake walikuta mpunga na choroko, mazao ya Asia. Basi jungu la Bukini lilikuwa la mashariki, na zizi la Bukini lilikuwa la kwetu. Tena sisi wenyewe hatukubaki mikono mitupu. Ndizi, magimbi na viazi vikuu asili yake ni mashariki. Na ngalawa, ile yenye matengo, yaani miti miwili ya pembeni iizuiayo isipinduke, ni umbo la mitumbwi ya Indonesia. Kila asubuhi wavuvi wa Mafia na Bagamoyo hutoka katika chombo cha jamaa za Wamaanyan wala hawajui.

Dahl yule mmisionari, katika uzee wake, aliandika jambo ambalo kwetu ni zito kuliko hayo yote. Aliuliza: kwa nini maneno ya mashariki yalipofika Bukini yalibadilika mwisho wake? Kule husema langit, mbingu. Bukini ni lanitra. Kule anak, mtoto, Bukini zanaka. Kule tahun, mwaka; Bukini taona. Maneno yaliyokwisha kwa konsonanti yameongezwa irabu, kama sisi tulivyomchukua kitab wa Waarabu tukamfanya kitabu. Mdomo wa Kibantu haupendi neno linaloishia meno kufungwa. Dahl akasema ya kuwa lugha ile ilifinyangwa na watu ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa ya Kibantu, waliojifunza Kimaanyan wakiwa watu wazima, wakakitamka kwa namna yao, na watoto wa kisiwa kizima wakafuata matamshi yao. Watu wachache waliodharauliwa, wakaao nyuma ya nyumba, hawawezi kuigeuza lugha ya nchi yote. Lazima walikuwa wengi, tena walikuwa nyumbani, mekoni, na penye vitanda vya watoto.

Siku zetu hizi damu yenyewe imeulizwa. Mwaka wa 2005 wachunguzi wa urithi wa mwili walisema ya kuwa asili za Wabuki, za upande wa mama na za upande wa baba, ni karibu nusu Afrika na nusu visiwa vya Asia, na katika Asia walio karibu nao zaidi ni watu wa Borneo. Mwaka wa 2012 wengine walihesabu ya kuwa wanawake wa kutoka Asia waliokuwa mama za kwanza wa kisiwa walikuwa wachache mno, yapata 30. Wangejaa katika kanisa dogo la mtaa wala wasilijaze. Kisha mwaka wa 2017 zilitolewa habari za uchunguzi mkubwa kuliko yote, wa vijiji 257. Hapakuonekana kabila lenye asili moja tu. Watu wa nyanda za juu, ambao nywele zao ni laini na huonekana kama watu wa Asia, wanayo damu ya Afrika. Watu wa pwani walio weusi kama sisi wanayo damu ya Asia. Wote ni wana wa baba na mama wale wale, ila mmoja amefanana na upande huu na mwingine upande huu, kama itokeavyo katika nyumba zetu.

Tusije tukakosa tena kwa kuvuka upande wa pili, tukasema hapakuwa na utumwa. Ulikuwako, na ni wa zamani. Buzurg bin Shahriyar, aliyekusanya habari za mabaharia, aliandika ya kuwa mwaka wa 945 watu wa Waqwaq walikuja na vyombo 1,000 wakaushambulia mji wa Qanbalu, na ya kuwa walitaka pembe, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watu. Wenye elimu wengi hudhani ya kuwa Qanbalu ni Pemba, na ya kuwa Waqwaq ni hawa hawa watu wa jamii ya mashariki. Na mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Bukini walikuwa wakivuka kwa mitumbwi mingi kuteka watu katika Ngazija na pwani ya Msumbiji, wakafika hata Mafia. Mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani, waliuharibu, na mabomo yake yatazamwa mpaka leo. Wamakua wengi walipelekwa Bukini wakauzwa, na wajukuu wao huko wanaitwa Makoa. Malkia Ranavalona wa Pili, aliyekuwa Mkristo, aliwaachia huru watumwa waliotoka ng'ambo ya bahari mwaka wa 1877; waliobaki waliachiwa mwaka wa 1896, Wafaransa walipokwisha kuitwaa nchi.

Hapa kalamu yataka kuruka, lakini hatutairuhusu. Kanisa la Bukini lina sifa kuu. Maandiko Matakatifu yote yalichapwa kwa lugha yao mwaka wa 1835, na kwa kuwa lugha ni moja kisiwa kizima, kitabu kimoja kilitosha toka kaskazini hata kusini, jambo ambalo sisi wenye lugha nyingi twaweza kuwaonea wivu. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1837, mwanamke Rasalama aliuawa kwa mkuki kwa ajili ya imani, na wengine wengi wakamfuata. Lakini Wakristo wa nyanda za juu, mateso yalipokwisha, wengi wao walikuwa na watumwa majumbani, hata viongozi wa makanisa. Waliimba pamoja nao asubuhi wakawatuma kuni mchana. Watu wa nchi hiyo waligawanywa kwa maneno mawili, fotsy, yaani weupe, na mainty, yaani weusi, na mpaka leo ziko nyumba za Wakristo zinazokataa posa ya kijana kwa sababu babu zake walikuwa watumwa. Husema, "Hao ni wa asili ya Afrika." Na damu ya asemaye hayo, kama tulivyoona, sehemu yake ni ya Afrika. Husema hivyo, kisha huenda zizini akamwita omby wake.

Tumeandika "Wakristo wa nyanda za juu" kana kwamba ni watu wa mbali. Wasomaji wetu watujulishe kama katika mitaa yao posa hukataliwa kwa maneno ya namna hiyo. Katika mtaa wetu, mwaka jana, ilikataliwa moja.

Basi tulipokwisha kuyakusanya hayo tulikwenda nyumbani kwa mzee siku ya Jumamosi. Tulimwomba radhi mbele ya mjukuu wake, tukaomba radhi kwa mjukuu mwenyewe. Na mwalimu wa darasa lake ametukubalia kuisoma habari hii mbele ya wale wale watoto waliomcheka, naye kijana ndiye atakayeisoma. Mzee alisikiliza yote, mpaka Krakatau, mpaka vijiji 257, lakini lililompendeza ni habari za lambo, jina lililovuka bahari bila mnyama. Alicheka hata akafuta machozi. Kisha akataka kujua zaidi. Wana nundu? Wana nundu. Pembe ndefu? Ndefu, tena katika nchi ya Wamahafaly, kusini, pembe za ng'ombe waliochinjwa matangani hupangwa juu ya kaburi la mwenyewe, ili kila apitaye ajue aliyelala hapo alikuwa mtu wa namna gani. Mzee akatikisa kichwa, hatukujua kama ni kwa kukubali au kwa kusikitika.

"Na ndama," akauliza, "huitwaje?"

Tukafungua daftari. Ndama huitwa zanak'omby, maana yake mtoto wa ng'ombe: zanaka limetoka Borneo, omby limetoka kwetu. Mzee akamwambia mjukuu wake aliandike ukutani kwa mkaa, juu ya mlango wa zizi, na kijana akaliandika.